Je, Dunia Ilishonwa kwa Kipimo Chetu?

 Muhula huu hakuna mada iliyotuchelewesha kurudi mabwenini kama hii: je, jinsi Dunia inavyofaa kwa uhai ni dalili kwamba yupo aliyeisanifu kwa makusudi? Tulipanga mjadala wa saa moja. Ukawa wa saa tatu, na chai ikaisha kabla ya hoja.

Sisi tunaoandika makala hii tuko watatu. Mmoja anasoma jiolojia, mmoja fizikia na mmoja falsafa. Wawili wametoka katika nyumba za Waislamu zenye asili ya Unguja na Mombasa, na mmoja katika nyumba ya Wakatoliki waliotoka Bukavu. Sote tumekulia hapa Uingereza, na sote tunakijua kisa hiki. Darasani mhadhiri anaeleza mabilioni ya miaka bila kumtaja Mungu hata mara moja. Nyumbani mzazi anaonyesha embe, au mtoto mchanga, au mwezi mpevu, na kusema, "Na hao wanaosema hakuna Mungu, haya hawayaoni?" Sisi tunakaa kwenye meza zote mbili, na kila meza inatudai jibu.

Kwa hiyo swali hili kwetu si la mtihani. Tukijibu vibaya darasani tunapoteza alama. Tukijibu vibaya nyumbani tunaweza kumhuzunisha mtu anayetuombea kila alfajiri. Ndiyo maana tumeona tulichambue polepole, tena kwa Kiswahili, lugha ambayo wazee wetu wanaweza kuisoma na kutujibu.

Lugha imeshatangulia

Kabla ya kufika kwenye sayari, tuanze na maneno. Katika Kiswahili ni vigumu kuzungumzia biolojia bila kuonekana umeshachukua upande. Kitabu cha shule kinasema "viumbe hai", na kiumbe ni kilichoumbwa. Tukitaka kutaja milima, mito, miti na wanyama kwa jumla tunasema "maumbile", nalo limetokana na kuumba. Hata anayeifafanua nadharia ya Darwin kwa Kiswahili atasema "mageuko ya viumbe", yaani mageuko ya vilivyoumbwa. Nalo neno "dunia" tumelipata kutoka Kiarabu, ambako hutumika kwa maisha haya ya karibu yakilinganishwa na akhera.

Mwenzetu mmoja alisema hiyo ni hoja tosha: wahenga walijua. Mwingine akamjibu kwamba tunasema pia jua "linazama", wala hakuna anayeamini kwamba linatumbukia baharini. Lugha hutunza jinsi watu walivyouona ulimwengu, lakini haihukumu kesi. Hata hivyo tulipata faida. Wazo la Muumba ni la kale katika lugha yetu, na halikuletwa na ugomvi wa Wamarekani kuhusu mitaala ya shule. Tunaweza kulijadili kama jambo letu wenyewe.

Hoja kwa nguvu zake zote

Si haki kuiangusha hoja kabla ya kuisimamisha wima. Kwa hiyo wanaoitetea walipewa nafasi ya kwanza, nao walikuja wamejiandaa.

Dunia iko umbali wa kilomita milioni 150 hivi kutoka kwenye Jua. Zuhura iko karibu zaidi, na joto la ardhi yake ni kama nyuzi 460 za Selsiasi, kiasi cha kuyeyusha madini ya risasi. Mirihi iko mbali zaidi, na wastani wake ni kama nyuzi 60 chini ya sifuri. Sisi tumo katikati, wastani wa nyuzi 15. Na hata hizo 15 hatuzipati kwa umbali peke yake. Tusingekuwa na hewa inayotufunika kama blanketi, hasa mvuke wa maji na hewa ya ukaa, wastani ungekuwa kama nyuzi 18 chini ya sifuri, na bahari zingeganda.

Kisha kuna Mwezi. Mhimili wa Dunia umeinama nyuzi 23.4, na mwinamo huo ndio unaotupa majira ya mwaka. Mvutano wa Mwezi wetu mkubwa huusaidia mwinamo huo usiyumbe sana. Mirihi ina miezi miwili midogo mno, na mwinamo wake umeyumba vibaya katika mamilioni ya miaka. Chini ya miguu yetu, chuma kilichoyeyuka kinazunguka ndani ya Dunia na kutengeneza usumaku unaotukinga na chembe kali zinazorushwa na Jua.

Halafu kuna maji. Vitu vingi vikiganda huzama katika umajimaji wake, lakini barafu huelea. Ingekuwa inazama, maziwa ya nchi za baridi yangeganda kuanzia chini, na samaki wasingepona kipupwe. Mwaka 1913 Lawrence Henderson, mwanakemia wa Harvard, aliandika kitabu kizima kuonyesha kwamba mazingira yenyewe, kuanzia maji na kaboni, yanaufaa uhai kwa namna ya kushangaza.

Mwaka 2004 Guillermo Gonzalez na Jay Richards wa Marekani waliongeza jambo jingine. Jua ni pana kuliko Mwezi kama mara 400, na pia liko mbali kuliko Mwezi kama mara 400. Ndiyo maana vyote viwili vinaonekana vina ukubwa mmoja, na siku ya kupatwa kikamilifu kwa jua Mwezi hulifunika sawasawa. Waandishi hao wakadai kwamba makao yetu yamewekwa yafae kuishi na pia yafae kuchunguzia mbingu.

Wenzetu walikumbusha kwamba hoja hii ni ya zamani kuliko darubini. Ibn Rushd, mwanafalsafa wa Andalusia aliyefariki mwaka 1198, aliona kwamba kuna dalili mbili bora za kuwapo kwa Mungu. Ya kwanza ni ya inaya, yaani jinsi vitu vilivyoafikiana na mahitaji ya mwanadamu: mchana na usiku, majira, mvua, mimea na wanyama. Ya pili ni ya kuumbwa kwa vitu vyenyewe. Katika karne iliyofuata Mtakatifu Thomas wa Akwino alihoji kwamba vitu visivyo na akili vikielekea lengo lazima yupo anayevielekeza, kama mshale na mpiga upinde. Basi wazee wetu wanapoonyesha embe wana ukoo mkubwa wa fikra nyuma yao. Hawastahili kuchekwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili.

Shati la mtumba

Haya. Sasa fikiria umeingia Gikomba, Nairobi, au Karume, Dar es Salaam, ukapata shati la mtumba. Mabega yamekaa, mikono imefika panapotakiwa, hata kola haibani. Unaweza kusema, "Hili lilishonwa kwa ajili yangu." Muuzaji atacheka. Yeye anajua limetoka kwenye belo lenye mamia ya mashati, na amekuona ukiyaweka kando thelathini kabla ya kulipata hilo moja. Lililokufaa umelivaa, yasiyokufaa yamebaki kwenye rundo. Kwa hiyo kabla ya kumtafuta fundi aliyekupima, uliza kwanza belo lilikuwa na mashati mangapi.

Zamani hatukuweza kujibu, maana tulizijua sayari za Jua letu tu. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz wa Geneva walitangaza sayari ya kwanza iliyogunduliwa ikizunguka nyota inayofanana na Jua, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobeli mwaka 2019. Kufikia mwaka 2022 sayari zilizothibitishwa nje ya mfumo wetu zilikuwa zimepita 5,000, na hizo ni za ujirani wetu tu. Galaksi yetu peke yake ina nyota zisizopungua bilioni 100. Belo ni kubwa kweli.

Na kuna jambo la pili. Anayeuliza "mbona hapa panatufaa?" hawezi kutokea mahali pasipofaa. Kule Zuhura hakuna wa kuuliza. Mwanafizikia Brandon Carter alilieleza wazo hili mwaka 1973 katika mkutano mjini Kraków: tunapoutazama ulimwengu lazima tukumbuke kwamba mahali tuliposimama pamechujwa tayari na ukweli kwamba tupo hai. Tukishangaa kwamba tumejikuta kwenye sayari yenye maji, tumesahau kwamba tusingeweza kujikuta kwingine.

Upande wa pili ulijibu vizuri. Walisema, "Mmetuonyesha belo, lakini hamjatuonyesha shati la pili linalofaa." Ni kweli. Peter Ward na Donald Brownlee walihoji mwaka 2000 kwamba viumbe sahili kama bakteria huenda ni wengi ulimwenguni, lakini wanyama na mimea ni adimu sana. Hata hivyo uadimu na usanifu ni mambo mawili. Mshindi wa bahati nasibu ya taifa ni mmoja kati ya mamilioni, wala hatusemi mchezo umechezewa, maadamu tiketi zilizouzwa ni nyingi. Ward na Brownlee wenyewe hawakufikia hitimisho la kuwapo kwa Msanifu.

Kuhusu kupatwa kwa jua, mwenzetu wa fizikia alikumbusha kwamba Mwezi unatukimbia kwa kiasi cha sentimita 3.8 kila mwaka. Zamani ulionekana mkubwa zaidi, na baada ya mamia ya mamilioni ya miaka hautaweza tena kulifunika Jua lote. Ulingano tunaoushangaa ni wa kipindi tu, nasi tumekipata.

Nani alimfuata nani?

Hapa mwenzetu wa jiolojia alitupeleka Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania. Maji yake ni magadi makali, na sehemu nyingine joto hufika nyuzi 60. Mtu hawezi kuoga humo akatoka salama. Lakini heroe wadogo, wale ndege wa rangi ya waridi ambao watalii huwaita flamingo, hulitegemea ziwa hilo: sehemu kubwa ya heroe wadogo wote duniani huanguliwa hapo. Miguu yao ina ngozi ngumu inayostahimili magadi. Chakula chao ni bakteria wanaostawi katika maji hayo hayo, na ukali wa maji huwazuia fisi na mbweha wasiyafikie mayai. Heroe angekuwa na jarida lake angeandika kwamba ziwa limetengenezwa kwa ajili yake. Sisi tukitazama kwa nje tunaona kinyume chake: ziwa lilikuwapo na magadi yake, na ndege ndiye aliyeumbika kulingana nalo.

Mfano mwingine ni wa Ziwa Viktoria. Wanajiolojia wamegundua kwamba lilikauka na kujaa tena miaka 15,000 hivi iliyopita. Tangu hapo wale samaki wadogo ambao wavuvi wa Mwanza huwaita furu wamegawanyika kuwa mamia ya aina. Wapo wanaokwangua mawe, wapo wanaovunja konokono, wapo wanaowinda samaki wenzao, na mdomo wa kila mmoja unalingana na chakula chake. Haba na haba hujaza kibaba. Charles Darwin alikuwa amesoma vitabu vya mchungaji William Paley alipokuwa mwanafunzi Cambridge. Ndiye Paley aliyesema mwaka 1802 kwamba ukiokota saa porini utajua ina mtengenezaji. Kitabu cha Darwin cha 1859 kilionyesha njia ambayo kiumbe anaweza kupata ulinganifu kama wa saa bila kila gurudumu kuchongwa peke yake.

Lakini mfano uliotunyamazisha wote ni wa hewa tunayoivuta. Dunia ina umri wa miaka bilioni 4.5 hivi. Kwa karibu nusu ya umri huo hewa ilikuwa karibu haina oksijeni. Mtu angeshushwa hapo angekufa kwa dakika chache. Bakteria waliojifunza kutumia mwanga wa jua walianza kutoa oksijeni kama taka, na miaka bilioni 2.4 hivi iliyopita ikaanza kujikusanya hewani. Kwa viumbe wengi wa wakati ule ilikuwa sumu. Nyumba tunayoisifu kwamba tumeikuta tayari ilijengwa na wapangaji waliotutangulia, wasiojua kwamba tutakuja.

Mwenzetu mmoja, tena mwenye msimamo mkali wa dini, aliuliza: "Na ni nani kasema Mungu hawezi kutumia bakteria?" Hakuna aliyesema. Anaweza. Lakini hapo hoja imebadilika. Mwanzoni tuliambiwa kwamba ulinganifu hauelezeki bila Msanifu, na sasa tunaambiwa kwamba ulinganifu unaelezeka na Msanifu yuko nyuma ya maelezo hayo. Huo wa pili ni msimamo wa imani unaoweza kuishi na sayansi kwa amani. Sayansi yenyewe haijautoa.

Vazi lenye vishimo

Tukiyahesabu yanayotufaa, uaminifu unatudai tuyahesabu na yasiyotufaa. Kama asilimia 97 ya maji ya Dunia ni ya chumvi, hayanyweki. Miaka milioni 252 hivi iliyopita sehemu kubwa sana ya viumbe wa baharini ilitoweka kabisa. Miaka milioni 66 iliyopita jiwe kubwa kutoka angani liliipiga Dunia pale palipo sasa Chicxulub, Mexico, na dinosaria wakaisha, isipokuwa ukoo wa ndege. Na hatuna haja ya kwenda mbali: mbu wa malaria naye amelingana sawasawa na damu yetu.

Mtu mmoja alisema ukumbini, "Kama ni kanzu ya kipimo, fundi alisahau mkono mmoja." Watu wakacheka, lakini mwenzetu wa falsafa alituonya tusiichukulie kauli hiyo kuwa ushindi. Kama uzuri wa dunia hautoshi kuthibitisha, basi ubaya wake nao hautoshi kukanusha. Anayesema "Mungu asingefanya hivi" ameshaingia katika maswali ya Nabii Ayubu, na maswali hayo hayapimwi kwa darubini. Tunachoweza kusema ni kwamba orodha ya yanayotufaa isisomwe peke yake.

Belo lenyewe limetoka wapi?

Hadi hapa mtadhani tumemaliza. Bado. Hoja ya Dunia tumeiona dhaifu, lakini nyuma yake ipo nyingine ngumu zaidi, nayo inahusu sheria za fizikia zenyewe.

Mwaka 1953 Mwingereza Fred Hoyle alikuwa akitafuta jinsi kaboni inavyopatikana. Kaboni ya miili yetu hupikwa ndani ya nyota, viini vitatu vya heli vinapoungana. Hoyle aliona kwamba muungano huo usingetoa kaboni ya kutosha isipokuwa kiini cha kaboni kina kiwango maalumu cha nishati ambacho hakikuwa kimethibitishwa. Aliwaomba wanafizikia wa maabara ya Willy Fowler, huko California, wakitafute. Walikitafuta, wakakikuta karibu palepale alipotaja. Kiwango hicho kingekuwa mahali pengine, kaboni ingekuwa adimu, na pengine tusingekuwapo. Hoyle hakuwa mtu wa dini, lakini baadaye aliandika kwamba mambo haya yanaonekana kama kuna akili kubwa iliyoichezea fizikia. Mwaka 1999 mwanaastronomia Martin Rees alitoa kitabu kuhusu namba sita ambazo, zingebadilika kiasi, ulimwengu usingekuwa na nyota, au kemia, au uhai.

Hapa shati la mtumba halitusaidii. Sayari ni nyingi na tunaziona, lakini ulimwengu tunaoujua ni mmoja. Wapo wanaosema kuna malimwengu mengi, kila moja lina namba zake. Huenda ni kweli, ila hakuna aliyeuona wa pili. Wapo wanaosema namba zipo hivyo na hakuna cha kueleza. Na wapo wanaosema Mungu. Ukumbi ulinyamaza, na tunadhani ukimya huo ulikuwa wa haki. Asiyeamini anapofika hapa inampasa akubali kwamba kuna jambo la kushangaza.

Lakini kushangaa si kuthibitisha. Ukirushiwa dadu mara moja tu, tena dadu ambayo hujawahi kuziona pande zake, ikaonyesha sita, huwezi kusema ni muujiza. Hujui kama ina pande sita, au elfu, au kama pande zote zimeandikwa sita. Sisi tuna ulimwengu mmoja na hatujui kama namba zake zingeweza kuwa nyingine. Bila kujua hilo, neno "uwezekano mdogo" halina cha kusimamia.

Mahakama ya Pennsylvania

Kisa cha Hoyle kinatusaidia kwa jambo jingine. Mwaka 2004, katika mji wa Dover, Pennsylvania, wazazi waliishtaki bodi ya shule iliyotaka wanafunzi wa biolojia waelezwe habari za usanifu wa makusudi. Tarehe 20 Desemba 2005 Jaji John E. Jones aliamua kwamba nadharia hiyo si sayansi, na kwamba kuifundisha katika somo la sayansi la shule ya umma kunavunja katiba ya Marekani.

Wapo ukumbini waliosikia kwamba mahakama imesema hakuna Mungu. Haikusema hivyo. Ilisema nini kiingie katika somo la sayansi. Hoyle alitabiri namba. Wenzake wangetafuta wakaikosa, angekuwa amekosea mbele ya dunia nzima. Je, hoja ya Msanifu inatabiri nini? Dunia ikiwa ya joto, Msanifu alitaka joto. Ikiwa ya baridi, alitaka baridi. Hoja inayokubaliana na kila matokeo haiwezi kupimwa na matokeo yoyote. Inaweza kuwa ya kweli, lakini maabara si mahali pake.

Cha kushangaza ni kwamba Paley mwenyewe, yule wa saa, alionya kuhusu jambo linalokaribia hili. Aliandika kwamba elimu ya nyota si njia bora ya kuthibitisha kuwapo kwa Muumba. Kwake, ukishaamini kwa sababu nyingine, nyota zinakuonyesha ukuu wake.

Turudi nyumbani

Basi tutamjibu nini mzee aliyeshika embe?

Kwanza, tusimpe silaha itakayomgeukia. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba Mshtarii, ile sayari kubwa, ni ngao yetu, kwamba mvutano wake huyanasa mawe yanayokuja kutupiga. Wengi waliitaja kama dalili ya inaya. Baadaye mahesabu ya kompyuta yakaonyesha kwamba Mshtarii huweza pia kuyaelekeza mawe upande wetu. Aliyekuwa ametundika imani yake hapo amebaki ameshika msumari. Kila ukimweka Mungu katika mwanya wa elimu, mwanya ukizibwa unamfukuza.

Pili, tusimsikie vibaya. Mmoja wetu alimpigia bibi yake simu Unguja akamuuliza, "Bibi, ukiambiwa embe limetokana na mageuko ya mamilioni ya miaka, utaacha kusema limeumbwa?" Bibi akajibu, "Kwani mie nilikwambia limeumbwa vipi? Nilikwambia lina mwenyewe."

Jibu hilo lilitufaa kuliko vitabu vingi. Bibi hakuwa akifanya hesabu ya uwezekano. Alikuwa akishukuru, na shukrani haisubiri matokeo ya maabara. Tukimjibu kwa sayari 5,000 tutakuwa tumejibu swali ambalo hakuuliza. Lakini vilevile anayetaka kuigeuza shukrani ya bibi kuwa somo la fizikia anaidhulumu fizikia, na tunaona anaidhulumu shukrani pia.

Sisi watatu bado hatujalingana. Mmoja anaamini, na anasema namba za Rees humzidishia imani ingawa hazikuianzisha. Mmoja anaamini, na anasema namba hizo hazimwongezei wala hazimpunguzii. Mmoja hajui, na ameomba asisukumwe. Tunachokubaliana ni hiki: kufaa kwa Dunia peke yake hakuthibitishi usanifu, kwa sababu belo ni kubwa, na kwa sababu sehemu ya kufaa huko imetengenezwa na uhai wenyewe. Sheria za ulimwengu ni swali jingine, nalo liko wazi. Na anayelijibu kwa imani aseme kwamba ni imani, bila kuona haya.

Jambo la mwisho lilitoka kwa bibi yule yule. Kitu chenye mwenyewe hakichezewi. Kabla ya viwanda, hewa ya ukaa ilikuwa kama sehemu 280 katika kila milioni ya hewa. Leo imepita 420, na blanketi lile lililotupa nyuzi 15 linazidi kuwa zito. Kama Dunia ilishonwa kwa kipimo chetu, ni amana, na tutaulizwa. Kama tuliiokota kwenye belo, mashati mengine yote tuliyoyaona mpaka sasa hayatuenei. Kwa njia zote mbili, kuichana hii ni upumbavu.

Mjadala utaendelea katika mkutano ujao wa chama, na safari hii chai itakuwa ya kutosha. Wanaopinga tuliyoandika, hasa walimu wetu, watuletee majibu yao kwa maandishi. Tutayachapisha katika toleo lijalo, pamoja na yatakayokosoa ngeli zetu.